Uteuzi wa Lugha za Programu kwa Roboti za Mashindano ya Wanafunzi: Maoni ya Mwanaisimu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa kawaida halijadiliwi katika jarida la Kiswahili. Wanafunzi wa sekondari na vyuo wanapounda roboti ya kushindana, kwanza hutakiwa kuamua mambo mawili: lugha gani ya programu watumie kuiamuru roboti hiyo, na jukwaa gani waitumie, yaani kidhibiti kinachobeba programu pamoja na zana za kuiandikia. Uamuzi huo umeachiwa wahandisi. Nia yangu hapa si kuwanyang'anya wahandisi kazi yao. Ninachodai ni kwamba uamuzi huo, kwa kiasi kikubwa, ni suala la upangaji lugha, na kwamba wanaisimu tumekaa kimya pale ambapo tulikuwa na la kusema.

Kilichonisukuma kuandika ni tukio nililolishuhudia. Miaka michache iliyopita mwenzangu wa uhandisi alinichukua kutembelea klabu ya roboti katika shule moja ya sekondari ya bweni. Zilikuwa zimesalia wiki mbili kabla ya mashindano. Roboti yao ilikuwa kigari kidogo chenye magurudumu mawili ya kuendeshea, na kazi yake ilikuwa kufuata mstari mweusi sakafuni. Mwaka uliotangulia ilikuwa imefanya vizuri. Mwaka huu walibadilisha mota, na kigari kikawa kinapepesuka na kutoka mstarini. Marekebisho yaliyohitajika ndani ya programu yalikuwa madogo, pengine tarakimu mbili au tatu. Hata hivyo, hakuna aliyejua tarakimu hizo zilikuwa wapi. Programu ilikuwa imeandikwa kwa C++ na mwanafunzi mmoja hodari ambaye alikwisha kumaliza Kidato cha Sita. Vigeu vyake, yaani vyombo vya kuhifadhia thamani, alivipa majina ya herufi mojamoja, na hapakuwa na sentensi hata moja ya maelezo. Nilipouliza nani anaielewa, binti mmoja wa Kidato cha Tatu alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, hii ni ya kaka aliyeondoka. Sisi tunaiendesha tu, hatuisomi."

Wanafunzi wale hawakushiriki mashindano mwaka ule. Jibu la yule binti limebaki nami kwa sababu, kwa mwanaisimu, ni jibu linalofahamika. Ni jibu la kijana anayeulizwa kuhusu lugha ambayo mzungumzaji wake wa mwisho amekwisha kufariki.

2.0 Je, lugha za programu ni lugha?

Kabla ya kuendelea yafaa tuondoe utata wa istilahi. Je, kile kinachoitwa "lugha ya programu" ni lugha katika maana ya kiisimu? Kwa mizani ya sifa bainifu za lugha alizozieleza Hockett mwaka 1960, jibu ni kwamba si lugha. Haizungumzwi, haipatikani na mtoto kwa kuisikia nyumbani, na kila kauli yake sharti iwe na maana moja tu. Kwa upande mwingine, undugu wake na isimu si wa kubuni. Kanuni za sarufi miundo alizozichambua Chomsky mwaka 1956 zinalingana na zile zilizotumiwa miaka michache baadaye kueleza sintaksia ya lugha ya ALGOL 60, na tangu hapo lugha nyingi za programu zimeelezwa kwa njia kama hiyo.

Hata hivyo, swali la kama ni lugha au la halina uzito mkubwa hapa. Lenye uzito ni hili: programu ni matini, na matini hiyo ina wasomaji wa aina mbili. Msomaji wa kwanza ni mashine, ambayo huifasiri kama ilivyo, bila huruma wala kubahatisha. Msomaji wa pili ni binadamu, ambaye kesho atatakiwa kuirekebisha. Mashine inasoma C++, Java na Python bila upendeleo. Tofauti baina ya lugha hizo inaonekana hasa kwa msomaji wa pili, na huyo ndiye anayesahauliwa wakati wa uteuzi.

3.0 Vigezo vinavyotumika na upungufu wake

Katika mazungumzo yangu na walimu na wanafunzi nimesikia vigezo vitatu vikirudiwa. Cha kwanza ni kasi: C++ inasifiwa kwamba ni ya haraka. Cha pili ni hadhi: inasemwa kwamba lugha za vipande vya rangi vinavyopachikwa kwenye skrini ni za watoto, na kwamba mhandisi wa kweli huandika kwa herufi. Cha tatu ni mazoea ya mtu mmoja, kwa kawaida mwalimu au mwanafunzi anayejua zaidi kuliko wengine.

Tuanze na kasi. Katika mashindano ya FIRST Robotics Competition ya Marekani, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1992, maktaba ya programu inayotolewa kwa timu huita maagizo makuu ya roboti kila baada ya milisekunde 20, yaani mara 50 kwa sekunde. Kwa kompyuta ya leo milisekunde 20 ni muda mrefu mno. Kigari kinachofuata mstari hakiwi na haja kubwa kuliko hiyo. Mara nyingi kinachokikwamisha ni betri iliyochoka, gurudumu linaloteleza, au tarakimu mbovu ambayo hakuna anayejua kuirekebisha. Ni kweli kwamba kuna vidhibiti ambavyo uwezo wake mdogo unaamua mambo. Arduino Uno ya toleo la zamani, inayopendwa sana katika shule zetu, ina kilobaiti 32 tu za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi. Python haiwezi kuenea humo, na anayechagua Uno hiyo amekwisha kuchagua C++ hata kama hakukusudia. Lakini tangu mwaka 2021 kipo kidhibiti kidogo cha Raspberry Pi Pico, chenye kilobaiti 264 za kumbukumbu, ambacho kilipotolewa kiliuzwa kwa dola 4 za Marekani na ambacho hupokea aina ya Python iliyopunguzwa kwa ajili ya vyombo vidogo. Kwa hiyo hoja ya kasi na uwezo, ambayo zamani ilikuwa hoja ya lazima, sasa ni hoja ya uchaguzi.

Kigezo cha hadhi nacho tunakijua vizuri. Ndicho kigezo kinachomfanya mzazi aone fahari mwanawe akikariri Kiingereza asichokielewa. Isitoshe, historia inakikanusha. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, alikuwa miongoni mwa waasisi wa lugha ya Logo mwaka 1967. Lugha hiyo ilikusudiwa watoto, na kobe wake aliyetii amri za kwenda mbele na kugeuka ni babu wa roboti nyingi za shule za leo. Kitabu chake cha mwaka 1980, *Mindstorms*, ndicho kilichotoa jina la roboti za LEGO. Watu hao hawakuona aibu kubuni lugha nyepesi kwa ajili ya fikra nzito.

Kuhusu mazoea ya mtu mmoja, tatizo lake tumeliona katika utangulizi. Programu inayoandikwa na kusomwa na mtu mmoja ni sawa na lahaja nafsi. Inamtosheleza mwenyewe, nayo huondoka naye.

Hapana budi kuongeza kwamba majukwaa nayo hufa. Mashindano ya FIRST Robotics Competition niliyoyataja yalitumia aina ya lugha ya BASIC hadi mwaka 2003, yakaingia C mwaka 2004, yakabadili kidhibiti na kuleta LabVIEW na C++ mwaka 2009, yakaongeza Java mwaka 2010, na yakabadili kidhibiti tena mwaka 2015. Python, ambayo kwa miaka mingi ilitunzwa humo na watu wa kujitolea, ilikubaliwa rasmi mwaka 2024. Kampuni ya LEGO, kwa upande wake, ilisitisha bidhaa za jina la MINDSTORMS mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya takriban robo karne. Shule iliyokuwa imewekeza kila kitu katika kisanduku kimoja ilibaki na kisanduku. Iliyokuwa imewekeza katika uelewa wa wanafunzi wake iliweza kuhama.

4.0 Somo kutoka usanifishaji wa Kiswahili

Sisi wa Kiswahili tuna historia ya kutufundisha jinsi lugha inavyoteuliwa. Katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 iliamuliwa kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha ya nchi za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ili kuusimamia uamuzi huo. Kiunguja hakikushinda kwa utajiri wa fasihi. Katika utenzi na shairi, hazina ya Lamu, Pate na Mombasa ilikuwa kubwa zaidi, na wapo waliokitetea Kimvita kwa hoja ambazo hadi leo hazidharauliki. Sababu yenye nguvu kwa Kiunguja ilikuwa kuenea kwake: kilikuwa kimekwisha kufuata njia za misafara hadi bara, na watu wengi wa makabila mbalimbali walikuwa tayari wanaelewana kwacho.

Tunaweza kuulaumu uamuzi ule kwa mengi, hasa kwa namna wenyeji wa lugha walivyowekwa pembeni. Kigezo chenyewe hata hivyo kilikuwa cha kiisimujamii: ni nani wanaoitumia, na itawafikia nani baadaye? Haugen aliupanga mchakato wa usanifishaji katika hatua nne, yaani uteuzi, uwekaji kanuni, utekelezaji, na uendelezaji wa matumizi. Klabu nyingi za roboti huishia kwenye hatua ya kwanza. Zinateua lugha, kisha haziweki kanuni za uandishi, haziwafunzi wanaoingia, wala haziongezi maarifa yaliyoandikwa. Halafu tunashangaa kwamba kila mwaka zinaanza upya.

5.0 Vigezo vinavyopendekezwa

Kutokana na hayo ninapendekeza vigezo vinne, kwa mpangilio wa uzito wake.

(i) *Idadi ya wasomaji.* Timu yenye wanafunzi kumi ijiulize: baada ya mwezi mmoja wa mafunzo, wangapi wataweza kusoma ukurasa mmoja wa programu hii na kueleza roboti itafanya nini? Lugha inayowapa wasomaji saba ni bora kuliko ile inayowapa wawili, hata kama hao wawili ni mahodari. Kwa timu nyingi zinazoanza, kigezo hiki kitaelekeza kwenye lugha ya vipande, kisha kwenye Python.

(ii) *Urithishaji.* Katika kila timu wawepo walau wasomaji wawili wa programu ambao watabaki shuleni mwaka unaofuata. Hili ndilo sharti ambalo lingeiokoa timu niliyoitembelea. Linatakiwa liandikwe katika kanuni za klabu, kwa sababu nia njema peke yake haivuki mwaka wa masomo.

(iii) *Mazingira ya kazi.* Jukwaa lichunguzwe kama linafanya kazi pasipo intaneti na kwa kompyuta chache na kuukuu. Katika mashindano ya FIRST Tech Challenge, ambayo tangu msimu wa 2015–2016 yametumia mfumo wa Android, wanafunzi wanaweza kuandika programu kwa vipande au kwa Java kupitia kivinjari, huku kompyuta ikiwa imeunganishwa na mtandao unaorushwa na roboti yenyewe. Hakuna haja ya intaneti wala ya kusakinisha zana kubwa. Kwa shule yenye kompyuta tatu, sifa hiyo ina thamani kuliko sifa zote za kasi.

(iv) *Daraja la kuvukia.* Lugha nyepesi isiwe kisiwa. Katika mfumo huohuo niliotaja, programu iliyopangwa kwa vipande inaweza kuonyeshwa kwa Java, ili mwanafunzi aone usemi mmoja katika lugha mbili. Kwa mwalimu wa lugha hii ni mbinu ya kale: matini mbili sambamba, moja inayoeleweka na moja inayofunzwa.

Vigezo hivi hutumika pale ambapo timu ina uhuru. Kuna mashindano ambayo kanuni zake zimekwisha kuamua. Katika FIRST Global Challenge, kwa mfano, ambayo yalianza Washington mwaka 2017 na ambayo timu za Kenya na Tanzania zimepata kushiriki, kila nchi hutuma timu moja na kila timu hupewa vifaa vya namna moja. Hata hapo swali la wasomaji na la urithishaji halifutiki. Linahamia katika namna programu inavyoandikwa, na ndipo Kiswahili kinapoingia.

6.0 Nafasi ya Kiswahili ndani ya programu

Wengi hudhani kwamba programu huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili hakina nafasi. Tuhesabu. Lugha ya C katika usanifu wake wa mwaka 1989 ina maneno maalumu 32, na Python ya leo ina 35. Kwa mwanafunzi hayo si Kiingereza, ni alama 35 za kukariri, pungufu ya ngeli, viambishi na nyakati anazozimudu kila siku. Majina ya maktaba za vidhibiti huongeza mzigo, nao una mipaka. Mengine yote katika matini ya programu, yaani majina ya vigeu, majina ya matendo na maelezo ya pembeni, yako huru. Mwandishi anaweza kuyaandika kwa lugha yoyote ambayo herufi zake zinakubalika.

Hapa Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi hazina. Tunaandika kwa herufi za Kirumi zisizo na alama za juu wala za chini, kwa hiyo hata kitafsiri kikuukuu cha C kinapokea *umbali*, *mwendo*, *gurudumu_kushoto* na *geuka_kulia*. Kikwazo nilichokutana nacho ni kimoja: *ng'*. Ile alama ya ritifaa hairuhusiwi katika jina la kigeu, na katika C hufungua kitu kingine kabisa. Mwanafunzi aliyetaka tendo la mkono wa roboti kung'oa kijiti akaandika *ngoa*, atakuwa ameandika neno jingine, lenye maana ya tamaa au wivu. Mashine haitajali. Msomaji wa pili atacheka, kisha ataelewa. Ni vema klabu iamue mapema jinsi ya kuliandika, na uamuzi huo mdogo ni uwekaji kanuni hasa alioueleza Haugen.

Lugha za vipande zinakwenda mbali zaidi, kwa kuwa hata maneno maalumu yenyewe yanaweza kutafsiriwa. Scratch, iliyotolewa kwa umma na Chuo Kikuu cha MIT mwaka 2007, ina Kiswahili katika orodha ya lugha zake, na inaweza kuunganishwa na baadhi ya vifaa vya roboti. Basi hapa pana kazi ya kiisimu. Vipande hivyo vilibuniwa kwa sintaksia ya Kiingereza, vikiwa na nafasi tupu ambamo neno lolote hupachikwa. Kiswahili hakikubali neno lolote mahali popote, kwa sababu ya upatanisho wa kisarufi. Kipande kinachosema "kama [kitu] ni [rangi]" kitatupa mpira *mwekundu*, kitufe *chekundu* au gari *jekundu*, na hakuna umbo moja la kuandika katika ile nafasi ya pili. Suluhisho lipo, nalo ni la kisarufi: tuifanye *rangi* iwe neno kuu, yaani "kama rangi ya [kitu] ni [nyekundu]". Kuanzia hapo upatanisho unaifuata ngeli ya *rangi*, na kitu chochote kinaweza kupachikwa bila kuvuruga sentensi.

Pengine, Kiswahili ni chepesi kuliko Kiingereza. Nomino kama *hatua*, *sekunde* na *mara* hazibadiliki katika umoja na wingi, kwa hiyo "rudia mara 1" na "rudia mara 10" ni sahihi sawasawa, ilhali Kiingereza kinalazimika kubadili umbo la neno. Mfasiri anayejua ngeli atazitumia nomino za aina hiyo kwa makusudi.

Kuna suala jingine, la masharti. Msemaji wa Kiswahili hasemi kwa kawaida "kama kihisi kinaona mstari, basi geuka". Husema "ukiona mstari, geuka". Sharti limo ndani ya kitenzi, katika kiambishi *-ki-*, wakati lugha za programu hulitenga na kuliweka mwanzoni kama neno huru. Nimependekeza kwa walimu kadhaa kwamba wanafunzi waandike kwanza kwenye karatasi kwa sentensi zao za asili zenye *-ki-*, kisha wazigeuze kuwa "kama… basi… la sivyo", na mwishoni ndipo waingie kwenye lugha ya mashine. Hatua ya kati ndiyo inayofichua makosa ya fikra. Mwanafunzi anayesema "ukiona mstari, geuka" mara nyingi hajafikiri atafanya nini asipouona. Neno "la sivyo" linamlazimisha afikiri.

7.0 Pingamizi

Yapo mapingamizi ambayo sina haki ya kuyapuuza. La kwanza ni kwamba majina ya Kiswahili katika programu yatawafungia wanafunzi wetu nje ya jamii ya waandishi wa programu duniani. Pingamizi hili lina uzito kwa programu inayokusudiwa kusomwa na dunia. Programu ya kigari cha shule inasomwa na wanafunzi kumi na mwalimu wao. Siku timu hiyo itakapokwenda nje, kubadili majina ishirini ya vigeu ni kazi ya jioni moja kwa mtu anayeielewa programu. Kwa asiyeielewa, hata majina ya Kiingereza hayatamsaidia mbele ya majaji watakapomwuliza kwa nini roboti iligeuka kushoto.

La pili ni kwamba wanaokwenda kusomea uhandisi watahitaji C++ au Java, kwa hiyo ni bora waanze nazo mapema. Nakubali kwamba watazihitaji. Wafunzwe katika msimu wa pili au wa tatu, wakiwa tayari wanajua sharti ni nini, marudio ni nini, na kihisi kinaposema uongo afanyeje. Ujuzi huo huhamishika. Ndiyo sababu kigezo cha nne kinadai daraja.

La tatu ni la istilahi, nalo linatuhusu sisi wenyewe. Wahandisi hutuambia: hamna maneno. Wakati mwingine wana haki. Tumetumia miaka mingi kubishana juu ya *kompyuta*, *ngamizi* na *tarakilishi*, na ubishi huo ulikuwa na faida zake, lakini mwanafunzi mwenye bisibisi mkononi hawezi kutungoja. Nilichokiona katika klabu ni kwamba wanafunzi wanayo maneno tayari. Roboti inayotoka mstarini "imepotea", inayotetemeka kwa marekebisho yaliyopita kiasi "ina wasiwasi", na mota inayovuta nguvu bila kuzunguka "imekaba". Haya ni maneno ya kazi, yenye maana mahususi kwa wanaoyatumia. Mwanaistilahi angefanya vema kuanza kwa kuyasikiliza na kuyaandika, badala ya kuwapelekea orodha iliyokwisha fungwa.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kuchagua lugha ya programu kwa roboti ya wanafunzi ni kuchagua jamii ya wasomaji. Kasi, hadhi na mazoea ya mtu mmoja ni vigezo visivyotosha. Cha kwanza kimepungua nguvu kwa sababu vidhibiti vimekuwa na uwezo mkubwa kwa bei ndogo. Cha pili ni kasumba tunayoijua kutoka mijadala ya lugha ya kufundishia. Cha tatu huiacha timu yatima. Ninaloshauri ni kwamba timu inayoanza ichague lugha inayosomwa na wengi wake, ihakikishe kuwa wapo wa kuirithi, itumie jukwaa linaloendana na umeme na kompyuta zilizopo, na iandike majina na maelezo yake kwa lugha ambayo wanachama wake wanafikiria.

Kwa idara zetu za Kiswahili nina ombi la kiasi. Tuwatume wanafunzi wetu wa uzamili katika klabu hizi. Kuna tasnifu zinazongoja humo: upatanisho wa kisarufi katika lugha za vipande, istilahi zinazozaliwa mezani penye waya na betri, na mabadiliko ya msimbo katika mazungumzo ya timu inapokimbizana na muda. Wahandisi nao watafaidika na msomaji anayeuliza maswali ya kijinga kama niliyouliza mimi.

Mwaka uliofuata nilirudi katika shule ile. Kigari kilikuwa kilekile, ila programu ilikuwa mpya, ya Python, juu ya kidhibiti kipya cha bei ndogo. Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na mistari mitatu ya maelezo kwa Kiswahili: programu hii inafanya nini, mwendo unabadilishwa wapi, na nani wa kuulizwa. Mahali pa jina la wa kuulizwa yaliandikwa majina manne, mawili yakiwa ya wanafunzi wa Kidato cha Pili. Yule binti, ambaye sasa alikuwa Kidato cha Nne, alinionyesha mstari wa mwendo bila kuutafuta. Katika mashindano walishika nafasi ya katikati. Roboti yao bado inasomeka.